Mkasi wa Kupogolea kwa Mwindaji wa Kulungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wenzetu waishio Marekani, Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya, walioanza kuwinda kulungu mkia-mweupe baada ya kufika huku. Habari za bunduki na pinde huzungumzwa hadi usiku wa manane, lakini kifaa cha kukatia matawi hakikumbukwi mpaka mshale ugonge kijiti na kwenda kando. Majibu yanahusu uwindaji wa kukaa juu ya dungu au ndani ya kibanda cha kuvizia, maana huko ndiko mkasi unakofanya kazi. Msimamo wangu nausema mapema: nunua mkasi mzuri wa kupishana, ongeza msumeno mdogo wa kukunja, kisha kata kidogo kuliko moyo wako unavyotaka.

Kuna haja gani ya mkasi? Si mshale utapenya tu kwenye majani?

Jani laini huenda likapenyeka. Kijiti hakipenyeki. Mshale wa kuwindia una uzito wa gramu 25 hadi 32 hivi, na ukiguswa ubavuni na kijiti chembamba unayumba, ncha yake inaelekea upande, na kule mbele haufiki ulikolenga. Kosa la upana wa kidole karibu nawe linakuwa kosa la shubiri nzima pale kulungu aliposimama. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi humkosi kabisa, bali unampata tumboni au pajani, anakimbia na maumivu yake, nawe unamtafuta kwa tochi usiku kucha. Mnyama hastahili kifo cha namna hiyo.

Wenye bunduki huambiwa kwamba risasi nzito ya mwendo wa polepole inavunja vichaka na kuendelea na safari yake. Usitegemee hilo. Risasi ya aina yoyote ikigonga kijiti inaweza kupinda, na kadiri kulungu alivyo mbali nyuma ya kichaka ndivyo kosa linavyokua.

Nimekulia na panga mkononi. Kwa nini ninunue kitu kingine?

Panga ni chombo kizuri, na kwa kufungua njia ya kwendea kwenye dungu mwezi wa Februari sina ugomvi nalo. Juu ya mti na karibu na siku ya kuwinda, hapana. Pigo la panga kwenye mti mbichi husikika mbali, hasa asubuhi ya baridi isiyo na upepo. Ukiwa mita 5 kutoka ardhini, umejifunga mkanda wa usalama na kamba imepita ubavuni, kurusha panga ni kuhatarisha kukata kamba hiyo, au goti lako mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Panga hukata kwa mshazari. Ukifyeka miche midogo kwa panga, unaacha visiki vilivyochongoka vikisimama kwenye majani makavu, na saa kumi na moja alfajiri utapita hapohapo gizani, pengine upige goti juu yake. Mkasi unakata mche chini kabisa, bapa kwa ardhi, pasiwe na kitu cha kuchoma.

Kuna mkasi wa kupishana, wa fuawe na wa racheti. Tofauti ni nini, na wa kwangu ni upi?

Mkasi wa kupishana una bapa moja kali linalopita ubavuni mwa ndoana isiyo na makali, kama mkasi wa fundi nguo. Unakata mti mbichi kwa usafi: gome halichaniki, nyuzi hazipondeki, na kidonda cha mti hufunga upesi. Pia unafika karibu na shina, kwa sababu bapa ni jembamba. Weka bapa upande wa shina na ndoana upande wa tawi linaloondoka; ukigeuza kinyume utaacha kisiki kifupi kinachooza.

Mkasi wa fuawe una bapa lililonyooka linaloshuka juu ya sahani bapa ya shaba au plastiki, vile kisu kinavyoshuka kwenye ubao wa kukatia mboga. Una nguvu kwenye matawi makavu, magumu, ambayo humharibu mwenzake wa kupishana. Kwenye mti mbichi unaponda gome kabla ya kukata.

Wa racheti kwa kawaida ni wa fuawe uliowekewa meno ndani ya mpini. Unabana, unaachia kidogo, meno yanashika hatua inayofuata, unabana tena, mpaka tawi likatike kwa hatua tatu au nne. Mwenye vidole vyenye yabisi, au mwenye nguvu chache za mkono, anakata nao tawi ambalo mkasi wa kawaida ungemshinda. Hasara zake ni mbili: ni wa polepole, na kila hatua inatoa mlio mkavu wa chuma. Msituni mlio huo haufanani na kitu chochote cha asili.

Kwa mtu mwenye mikono mizima, wa kupishana ndio wa kununua kwanza. Sehemu kubwa ya kazi ya mwindaji ni vijiti vibichi vya unene wa kalamu hadi kidole gumba, na hapo hauna mshindani. Kama mikono inakusumbua, chukua wa racheti bila aibu, ila kazi yako iishe wiki kadhaa kabla ya msimu, wakati mlio haumfukuzi mnyama unayemtaka.

Uwezo wa kukata uwe milimita ngapi?

Mikasi mingi ya mkono imeandikwa kati ya milimita 19 na 25, yaani robo tatu ya inchi hadi inchi moja. Tafuta ya 25. Lakini namba hiyo ni ya mti mbichi na laini, bapa likiwa limenolewa. Kwa mwaloni au hikori, miti migumu ya mashariki mwa Marekani, punguza theluthi moja kichwani mwako. Tawi likikataa, usiukamue mkasi kwa mikono miwili huku ukiuzungusha kulia na kushoto. Hivyo ndivyo bapa linavyoachana na ndoana, na mkasi ulioachana hukata nusu na kutafuna nusu maisha yake yote.

Kuna mbinu ya kusaidia. Shika tawi kwa mkono wa pili, ulikunje taratibu kuelekea mbali na bapa, ili mkato ufunguke kadiri unavyobana. Tawi lililokuwa linakutoa jasho litakatika kwa wepesi, na kwa kuwa umelishika halitaanguka na kupiga kelele.

Basi na msumeno ninahitaji?

Ndiyo, wa kukunja. Vitu hivi viwili ni ndugu. Kinachozidi kidole gumba ni kazi ya msumeno. Bahco Laplander una bapa la sentimita 19, unaingia mfuko wa suruali ya kazi, na bei yake inavumilika. Misumeno ya Silky kutoka Japani hukata kwa kuvuta tu. Unapovuta bapa halipindi, kwa hiyo huwa jembamba na linaingia haraka. Ukiwa umezoea msumeno wa seremala wa kusukuma, jifunze kwanza ukiwa chini, kwa sababu ukiusukuma kwa nguvu bapa hilo jembamba linaweza kuvunjika.

Watu wengine hubeba msumeno peke yake na kuuacha mkasi nyumbani. Jaribu kukata kijiti kinachoning'inia kwa msumeno utaona: kinacheza mbele na nyuma, tawi zima linatikisika, na kila kiumbe kinageuza shingo. Mkasi hukata kijiti kisichoegemea kitu bila kukitikisa.

Nitajie majina. Ninunue upi?

Felco 2 ya Uswisi ndiyo inayopatikana mikononi mwa wakulima wa mizabibu na wapogoaji wa kulipwa. Ina gramu 240 hivi, inakata hadi milimita 25, mipini ni ya alumini nyepesi, na kila kipande, kuanzia bapa, springi hadi skrubu, kinauzwa peke yake. Ukivunja bapa hununui mkasi mpya. Felco 6 ni ndogo, kwa mkono mdogo. Felco 9 ni ya mashoto. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1945, na umbo la mkasi wake limeigwa duniani kote.

ARS na Okatsune za Japani zina chuma kikali mno. Nyingi ni nyepesi, na ARS hukata kwa ulaini unaoshangaza. Corona ya Marekani ina mikasi ya chuma cha kufuliwa, mizito kidogo, imara, inayopatikana katika maduka ya kawaida ya vifaa. Fiskars ya Finlandi ina mikasi ya bei nafuu ambayo inatosha kabisa kwa anayekwenda msituni mara chache.

Mkasi wa dola 15 utakata. Unachokosa ni msimu wa tatu: springi inaruka na kupotelea kwenye majani, kifungio kinalegea mfukoni, skrubu ya katikati haikazwi tena. Felco huuzwa zaidi ya dola 50. Kama una pesa ya kununua kamera ya kufuatilia kulungu, unayo pesa ya mkasi mzuri, na utadumu kuliko kamera hiyo.

Nipimeje dukani?

Nenda na glavu zako za kuwindia. Watu wengi husahau hili. Mkasi unaokaa vizuri kwenye mkono mtupu unaweza kuwa mdogo mno ukivaa glavu ya sufu, au kifungio chake kikawa hakiguswi na kidole gumba kilichovimba kwa kitambaa. Novemba kule Michigan au Maine vidole vinakufa ganzi. Kitu usichoweza kukifungua ukiwa na glavu hutakifungua.

Kisha angalia haya. Fungua mkasi wote: je, mipini inapita upana wa kiganja chako mpaka vidole vitoe nguvu mwanzoni? Ufunge uuinue usawa wa macho, elekea kwenye mwanga: ukiona ufa kati ya bapa na ndoana, uweke chini uchukue mwingine. Usikilize kifungio kinapofungwa. Kata karatasi kwa ncha ya bapa. Mkasi mzuri unakata hadi nchani, mbovu unaikunja karatasi.

Mashoto asidanganywe kwamba mkasi wa kulia utamfaa. Utakata, lakini bapa litakuwa upande usiofaa, hataona anapokata, na kifungio kitakuwa chini ya vidole badala ya gumba.

Rangi nyekundu au ya machungwa ya mipini haitamshtua kulungu?

Haitamshtua. Macho ya kulungu yana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi; nyekundu na machungwa hazimwakii kama zinavyotuwakia sisi, ndiyo maana tunavaa fulana za machungwa msituni. Bluu ndiyo anayoiona vizuri. Chagua mpini mwekundu, maana mkasi wa kijani au wa madoadoa ya kijeshi ukiuangusha kwenye majani makavu ya mwaloni umeuaga. Kulungu hushtushwa na mkono unaopunga na harufu yako.

Niukate mlio vipi?

Mlio unatoka sehemu tatu: kifungio, mipini inapogongana mwisho wa mkato, na tawi linapoanguka. Mikasi mizuri ina kipande cha mpira kati ya mipini cha kupokea mgongano. Kama wako hauna, bandika kipande cha mpira wa baiskeli. Bana polepole mwishoni, usimalize kwa kishindo. Shika tawi kabla halijakatika, ulishushe kwa mkono, ulilaze. Na beba mkasi ndani ya ala ya ngozi au kitambaa. Ala ya plastiki ngumu inakwaruza mno.

Nikate lini?

Wakati mzuri kuliko wote ni Februari na Machi, baada ya msimu kwisha. Majani yameanguka, unaona kila kijiti, njia za kulungu zinaonekana wazi kwenye theluji au matope, kupe ni wachache, na kulungu wana miezi ya kusahau kelele zako. Unachopaswa kukumbuka ni kwamba tawi tupu la Machi si tawi la Oktoba. Likibeba majani, na mvua ikinyesha juu yake, linashuka sana. Tawi linalopita juu kidogo ya njia ya mshale wakati wa baridi litakuwa katikati ya njia hiyo siku ya kwanza ya msimu. Kwa hiyo rudi mara moja mwezi wa Agosti kukagua, ukiwa na mkasi tu, uondoe kilichoshuka.

Mialoni ina kanuni yake. Kuna ugonjwa wa ukungu unaonyausha mialoni, na wadudu wadogo wanaofuata utomvu hubeba ukungu huo kutoka mti hadi mti kupitia vidonda vibichi. Michigan inashauri mwaloni usikatwe kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Julai. Majimbo jirani yana miezi inayofanana. Mwaloni mwekundu ukishikwa unaweza kufa ndani ya wiki chache, na mizizi iliyoungana chini ya ardhi inapeleka ugonjwa kwa majirani zake. Hebu fikiri: kulungu wanakuja hapo kwa sababu ya matunda ya mwaloni, nawe unauua mwaloni ili umwone kulungu. Ukikata kwa bahati mbaya katika miezi hiyo, paka kidonda rangi papo hapo.

Siku ya kuwinda kata kile tu kinachogusa upinde wako ukiwa umekaa. Kila kijiti unachokigusa kinabaki na harufu yako, kwa hiyo usivue glavu.

Nikate matawi gani, na kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mtu akishika mkasi mkali anaanza kusafisha. Akimaliza, ana uwanja mweupe unaozunguka mti mmoja wenye mtu juu yake. Kulungu mzee akifika ukingoni mwa uwanja huo anasimama, anatazama, na anapita nyuma kwenye kichaka. Tena matawi yaliyo nyuma yako na pembeni ndiyo yanayovunja umbo la mwili wako. Ukiyaondoa unaonekana kama kigingi kwenye anga.

Unachotaka ni madirisha. Mawili au matatu, kila moja likielekea mahali ambapo njia ya kulungu inapita kweli, kwa upana wa kutosha mshale na kwa nafasi kidogo ya upepo. Kati ya dirisha na dirisha acha kichaka, kwa sababu wakati kulungu anapita nyuma ya kichaka hicho, kichwa chake kimefichika, ndipo unapovuta upinde.

Kazi hii ifanywe na watu wawili. Mmoja apande dunguni, ajifunge mkanda, akae kama atakavyokaa, ashike upinde bila mshale. Mwingine atembee chini kwenye njia ya kulungu na kugusa kila kijiti kwa fimbo mpaka wa juu aseme "hicho". Mtu akikata peke yake akiwa chini anakata matawi yasiyohusika, kwa sababu chini kila kitu kinaonekana kiko njiani.

Usisahau pia kwamba mshale haupiti kwenye mstari wa jicho. Unatoka chini ya jicho, unapanda, unavuka mstari huo, kisha unashuka kwenye shabaha. Ukilenga kulungu wa yadi 30, katikati ya safari mshale uko juu ya pale unapoona. Tawi lililo juu kidogo ya mstari wa jicho, yadi 12 au 15 mbele yako, unaliona kama halipo njiani, na ndilo litakalopigwa. Simama dunguni, lenga, kisha inua macho kidogo utazame kinachoning'inia hapo juu. Hilo ndilo tawi la kukata kwanza, na kwa kawaida linahitaji mkasi wa fimbo ndefu.

Kwa upinde wa kapi, ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, pima pia mikono ya upinde: uvute taratibu, uzungushe kulia hadi kushoto, uone kama ncha ya juu inagusa tawi. Krosibo, upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, ni kinyume chake. Mikono yake imelala, inafunguka kushoto na kulia kwa nguvu, na kijiti kilicho sentimita chache kando ya mkono huo kinatosha kuvunja kifaa na kukuumiza uso. Mwenye krosibo akate pembeni, mwenye upinde akate juu na chini.

Ninaruhusiwa kukata popote ninaporuhusiwa kuwinda?

La. Ruhusa ya kuwinda si ruhusa ya kukata, na wengi wetu tunaotoka mahali ambapo kuni za porini huokotwa na kila mtu tunalikuta hili kwa mshangao.

Kwenye misitu ya taifa ya Marekani, kanuni za serikali kuu zinakataza kukata au kuharibu mti bila kibali. Ardhi za umma za majimbo mengi zina makatazo ya aina hiyo, na nyingine zinakwenda mbali zaidi: Michigan hairuhusu, kwenye ardhi ya umma, ngazi au skrubu zinazopenya gome la mti. Kila jimbo hutoa kijitabu cha kanuni za uwindaji kila mwaka. Kisome, na usipoelewa Kiingereza chake mwombe kijana wako akusomee, au piga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo uulize kabla hujafungua mkasi. Pale usiporuhusiwa kukata, tafuta mti wenye madirisha ya asili. Yapo, ila yanataka kutembea.

Kwenye ardhi ya mtu binafsi, muulize mwenyewe waziwazi, na ikiwezekana tembea naye. Mti unaouona wa porini unaweza kuwa mtufaha wa babu yake, au mti wa maple anaougema utomvu wa sharubati kila masika. Uliza pia mpaka uko wapi, maana tawi linaweza kuwa lako na shina likawa la jirani. Mwenye shamba aliyeombwa ruhusa ya tawi moja kwa heshima huwa anakumbuka mwaka unaofuata.

Niubebe vipi nikipanda mti?

Usipande nao mkononi, wala mfukoni ukiwa wazi. Uliofungwa, ndani ya ala, kiunoni upande wa nyuma kidogo ya nyonga ili usikuchome ukiinama. Au ndani ya begi linalovutwa juu kwa kamba baada ya wewe kufika na kujifunga. Ufunge uzi imara kwenye mpini na mwingine kwenye mkanda wako. Mkasi unaoanguka kutoka dunguni unaweza kumkata aliye chini, na wewe uliye juu utashawishika kuinama kuudaka.

Kuanguka dunguni ni miongoni mwa mambo yanayowaumiza wawindaji zaidi huku. Vaa mikanda ya mwili mzima tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi, na ukikata ukiwa kwenye ngazi tumia kamba ya kuzunguka mti ili mikono yote miwili iwe huru. Tawi lisilofikika ukiwa umejifunga liache. Kesho utaleta mkasi wa fimbo.

Vipi kuhusu mimea yenye sumu na kupe?

Poizoni aivi, mmea wenye vijani vitatu kwenye kila jani, hutambaa kwenye shina hasa la miti unayopenda kupanda. Wakati wa baridi majani hayapo. Unautambua kwa kamba nene yenye manyoya ya mizizi iliyoganda kwenye gome. Mafuta yake yanawasha ngozi na kuleta malengelenge hata mmea ukiwa umekauka, na yanaganda kwenye bapa la mkasi kwa muda mrefu. Mtu anakata Machi, anashika mkasi huohuo mwezi wa Agosti bila glavu, kisha anashangaa upele umetoka wapi. Ukiukata, futa mkasi kwa spiriti, uuoshe kwa sabuni na maji baridi, na glavu pia. Usiuchome moto kamwe. Moshi wake unaingia mapafuni.

Kupe wa kulungu hubeba ugonjwa wa Laimu (Lyme), unaoletwa na bakteria. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi jikague mwili mzima, nyuma ya magoti na kwapani.

Nau­noaje na kuutunza?

Bapa la mkasi wa kupishana hunolewa upande mmoja tu, ule wenye mteremko. Fuata mteremko wa kiwandani kwa tupa ndogo ya almasi, ukisukuma kutoka shinani kwenda nchani kwa mkono mmoja mrefu, mara chache. Upande bapa upitishe kinoo mara moja tu, kimelala kabisa, kuondoa kinyuzi cha chuma kilichojikunja. Ukiunoa upande huo kama kisu, utafungua ufa kati ya bapa na ndoana.

Utomvu wa msonobari hutoka kwa spiriti. Ukitoka kwenye mvua, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu na springi, futa yaliyozidi. Msimu ukikaribia, futa mafuta yote na uuache nje barazani siku kadhaa, harufu iishe.

Mkasi wa betri je?

Ni mzuri kwa kazi ya Machi kwa mwenye shamba kubwa. Ni mzito, betri huchoka upesi kwenye baridi, injini inavuma, na bapa halijui kidole wala tawi. Juu ya mti usiupeleke.

Naweza kuutumia kukatia mbavu za kulungu?

Usiuchanganye. Mifupa inavunja makali, na mkasi unaopita kwenye gome, udongo na poizoni aivi haupaswi kuingia kwenye nyama ya watoto wako. Nunua mwingine wa jikoni.

Nikirudi nyumbani utanifaa?

Kwa kuwinda, fikiria sheria kwanza: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kuwinda bila leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Shambani ni habari nyingine. Mkasi huu wa kupishana ndio wa kupogolea kahawa Kilimanjaro au Kivu, na mipapai ya shangazi haihitaji hata kuguswa nao. Kwenye ndege uweke ndani ya sanduku kubwa linalokwenda chini, umefungwa na kuviringishwa kitambaa, na upeleke na springi mbili za akiba, kwa sababu huko hutazipata kwa urahisi.